Upande wa Kuhamia

Kwetu Usukumani mhakiki wa muziki hana kalamu, ana miguu. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, vikundi viwili vya ngoma huitwa kwenye uwanja mmoja, hiki cha Bagika na kile cha Bagalu, kimoja upande huu na kingine upande ule, na vyote huanza kupiga kwa wakati mmoja. Hakuna zamu. Watazamaji husimama watakapo. Manju wa huku akilegea kidogo tu, utaona watu wanajitoa mmoja mmoja, kwanza vijana, halafu akina mama wenye watoto mgongoni, mpaka upande mzima unabaki vumbi. Mwenye watu wengi jua linapozama ndiye mshindi. Ndiyo maana manju wa zamani walisifika kwa dawa za kuvuta watu sawasawa na walivyosifika kwa sauti zao, na mpaka leo ukienda Bujora, karibu na Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo, utasikia wazee wakibishana kuhusu dawa ya fulani kabla hawajabishana kuhusu nyimbo zake.

Nimeanza na hayo kwa sababu mwaka huu nimetakiwa kuwa mwamuzi, na sina kipimo kingine ninachokiamini.

Mpwa wangu ana karasha hapa Kakola, mji uliokua pembeni ya mgodi wa Bulyanhulu. Kwa msomaji asiyetoka kwenye dhahabu, karasha ni pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, linalozungushwa na mota au injini mchana na usiku kusaga mawe ya wachimbaji wadogo mpaka yawe unga. Kijana huyu amekaa kando ya pipa hilo miaka minane. Sikio lake la kushoto limekufa. Daktari alimwambia halitarudi, na la kulia alitunze. Tangu hapo ameacha kusikiliza nyimbo walizozoea wenzake, kwa sababu, asemavyo, sauti ya mwimbaji humfikia kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta. Anachosikia vizuri ni kitu kizito: besi, ngoma, gitaa linalokwaruza. Akaanza kutafuta kwenye simu, na simu ikampeleka kwenye roki ya Waafrika. Jioni moja alikuja kwangu na spika ndogo mkononi.

"Shikamoo mjomba. Wewe uliuza kanda miaka mingi. Sikiliza hizi, uniambie kama ni muziki au ni makelele. Wenzangu wananicheka."

Nilimwambia aziache. Nilidhani kazi ingekuwa ya siku mbili. Imechukua miezi minne.

Albamu zenyewe zimetolewa na kampuni ndogo, nyingine na mwanamuziki mwenyewe, kwa hiyo huko Ulaya zinawekwa kwenye fungu la muziki wa kujitegemea. Fungu hilo kwetu halina maana. Sijapata kumwona mwimbaji wa Kisukuma aliyetegemea kitu zaidi ya koo lake na jembe lake.

Lakini lazima nikiri jambo mapema, maana mwamuzi mwenye upande wake ni vizuri ajulikane. Mwaka 1977, nikiwa na umri wa miaka 19, nilikuwa utingo wa lori la mizigo lililokwenda Zambia kupitia Tunduma. Huko Kitwe, kwenye mji wa shaba, tulilala siku sita tukisubiri kipuri. Karibu na yadi palikuwa na baa yenye gramafoni, na hapo ndipo nilipowasikia Witch kwa mara ya kwanza. Gitaa lilikuwa linalia kama msumeno unaokata bati, halafu ndani ya kelele hiyo kijana anaimba kwa upole kana kwamba anazungumza na mama yake. Nilinunua santuri yao moja, Lazy Bones!!, ya mwaka 1975. Mwaka 1983, unga na sabuni vilipoadimika, niliitoa kwa debe la mahindi. Leo wakusanyaji wa Ulaya wanaisaka santuri hiyo ya awali kama sisi tunavyosaka jiwe lenye mstari wa njano. Mahindi yale tuliyala wiki tatu. Sijuti, ila nakumbuka.

Baadaye nilifuata rashi ya dhahabu nikafungua kibanda cha kanda hapa Bulyanhulu. Nilikuwa na redio kaseti mbili, betri ya gari na daftari. Mchimbaji alikuja na kanda tupu, akataja nyimbo azitakazo, akalipa kianzio, akarudi kesho yake. Wengine hawakurudi. Baadhi walikuwa wamepata na kuondoka, wengine maduara yaliwafukia, na wengi, miaka ile ya tisini, walikuwa wameanza kukonda. Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu ili kampuni ichukue eneo, wateja waliobaki walitawanyika kwa siku chache. Nilibaki na kanda 31 zilizorekodiwa ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Zimo ndani ya sanduku chini ya kitanda changu mpaka sasa, na majina yao juu yake.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mmoja wa albamu mpya ni wa Witch wenyewe, uliotoka mwaka 2023, sikuwa mwamuzi. Nilikuwa mdai.

Kabla sijauhukumu, kuna swali ambalo mpwa wangu aliliuliza na ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwa nini miji ya shaba ilizaa roki, na miji ya dhahabu yetu haikuzaa? Mawe ni mawe, vumbi ni vumbi. Nadhani jibu liko kwenye mshahara. Mchimbaji wa Kitwe au Mufulira alikuwa na nyumba ya mgodi, mshahara wa kila mwezi, ukumbi wa starehe wa mgodi na timu ya mpira ya mgodi. Kijana wake aliweza kukopeshwa gitaa, na akiisha kujua kupiga alikuwa na ukumbi wa kupigia na watu wenye fedha ya kiingilio kila mwisho wa mwezi. Rais Kaunda naye alitaka redio ipige zaidi muziki wa Wazambia, basi vijana waliokuwa wakiiga nyimbo za Uingereza wakalazimika kutunga za kwao. Kwetu nako dola iliushika muziki. Novemba 1969 ilitangazwa Dar es Salaam kwamba muziki wa "soul" usipigwe. Kilichostawi kwetu kilikuwa dansi, na dansi likabaki mijini. Huku kwenye maduara fedha huja kama mvua ya mawe, kwa kishindo na kwa siku moja. Hainunui gitaa, inanunua bia. Na mgodi mkubwa ulipoanza kuzalisha mwaka 2001, ulikuja na uzio, na wengi wa wafanyakazi wake ni watu wa zamu, ambao makwao ni mbali na hapa.

Huko Zambia nako mambo hayakudumu. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya sabini, vita vya kusini vikaleta amri za kutotoka usiku, bendi zikawa zinapiga mchana. Kisha ukaja UKIMWI. Kati ya vijana wa Witch wa mwanzo amebaki mmoja, mwimbaji Emmanuel Chanda, ambaye jina la Jagari alilipata kwa kufananishwa na Mick Jagger. Naye alipoacha muziki alifundisha, halafu akawa mchimbaji wa vito. Nilipomsomea mpwa wangu habari hiyo, alizima spika akanitazama. "Kumbe ni mwenzetu," akasema.

Albamu yenyewe inaitwa Zango, maana yake mahali pa kukutania, na ilirekodiwa Lusaka. Jagari anaimba, Patrick Mwondela, aliyejiunga na bendi mwaka 1980, yuko kwenye kinanda, na wengi wa waliobaki ni vijana wa Ulaya, akiwemo Jacco Gardner wa Uholanzi kwenye besi. Hapa ndipo nilipoanza kununa. Vijana hawa wanajua kupiga, hilo halina ubishi. Wanajua mno. Kila mkwaruzo wa gitaa umewekwa mahali pake kama sahani kabatini, na kuna nyimbo mbili au tatu ambamo nilihisi wanaipigia santuri yangu ya Lazy Bones!! badala ya kumpigia mzee aliyesimama mbele yao. Roki ya Kitwe ninayoikumbuka ilikuwa na makosa. Ngoma iliwahi, gitaa likachelewa, wakakutana njiani. Ukiyaondoa makosa yale yote unabaki na ukumbusho uliopigwa rangi.

Nilikwisha kuamua hivyo, na ningeliandika hivyo, kama si wimbo mmoja uitwao Waile. Jagari aliutunga mwaka 1978. Tafakari, msomaji: wimbo uliotungwa mwaka mmoja baada ya mimi kulala siku sita Kitwe, ukakaa miaka 45 mpaka watu wa kuupiga naye wote wamekufa, ndipo ukatoka. Hapa wale vijana hawana cha kuiga, kwa sababu santuri ya kuigiza haikuwapo. Wamelazimika kumfuata mzee. Na mzee hakimbii. Sauti yake imekuwa nzito, imepasuka pembeni kama mtungi, na anapoifikisha mahali isipofika, haombi radhi. Nilisimama. Sisemi kwa mfano, nilisimama kutoka kwenye kiti changu, na mpwa wangu akacheka.

Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi kuliko nitakavyotaja. Ninachokipenda zaidi ndani yake ni kwamba haumlilii mtu yeyote kwa jina. Unaacha nafasi. Niliusikiliza usiku mmoja nikiwa nimelitoa lile sanduku la kanda.

Wimbo wa Avalanche of Love, alioimba pamoja na Sampa the Great, msanii wa kufokafoka mzaliwa wa Zambia, mimi haukunihamisha, ingawa nakiri kwamba bila yeye vijana wengi wasingeifungua albamu hii. Unimvwesha Shuga ni mwepesi na mtamu, na jina lake tu linatosha kumfurahisha Mswahili: hata asiyejua Kinyanja ataliona neno la sukari limekaa mle, na atakumbuka kwamba nasi husema kusikia raha, kusikia utamu, kana kwamba ulimi una masikio. Kwa mtu mwenye sikio moja lililokufa, hilo si jambo dogo. Mpwa wangu anaupenda wimbo huu kuliko yote ya Witch, na sababu yake ni besi.

Mwaka 2025 walitoa albamu nyingine, Sogolo, neno linalotaja mbele, siku zijazo. Nitasema kifupi kwamba ni bora kuliko Zango kwa ujumla wake na dhaifu kuliko Waile peke yake. Bendi imekwisha kuzoeana, hawana tena haja ya kuonyesha kwamba wanaujua muziki wa zamani, na katika wimbo wa Kamusale wanakwenda kama lori lililopakiwa vizuri. Mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 kuiita albamu yake "mbele" ni ujeuri ninaoupenda.

Sasa nije kwenye ile iliyonitesa. Inaitwa The Adept, ya mwaka 2024, ya Martin Khanja wa Kenya, ajiitaye Lord Spikeheart. Kabla ya hapo alikuwa nusu ya kundi la Duma la Nairobi, pamoja na Sam Karugu, ambalo lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hii ya pili ameitoa kupitia kampuni yake mwenyewe, Haekalu, na ameitolea heshima kwa bibi yake mkuu, Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023. Hayo yote ni mazuri kuyasoma. Kisha unabonyeza.

Haimbi. Anakoroma, anabweka, anapiga ukelele wa mtu aliyebanwa na mwamba. Chini yake ngoma za mashine zinakwenda kasi mpaka hazihesabiki, zinakuwa mlio mmoja. Mara ya kwanza nilivumilia nyimbo mbili. Mara ya tatu nilimaliza. Mara ya tano niligundua kwamba kuna mpangilio, kwamba kelele inapungua mahali inapotakiwa na kurudi kwa nguvu mahali unapodhani imechoka, na kwamba wageni wengi aliowaalika hawakupewa nafasi ya kupumzika hata wao. Ni kazi ya mtu mwenye akili. Lakini akili si kila kitu kwenye uwanja wa ngoma. Nilimwambia mpwa wangu ukweli: namheshimu, wala sihami. Mimi nimekaa maisha yangu yote mahali penye makelele, sioni kwa nini niyatafute kwa fedha.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Mjomba, mimi lile karasha ninalo kichwani hata likizimwa. Nikilala linasaga. Huyu ndiye mtu pekee anayelizidi."

Nimeuhakiki muziki maisha yangu yote, kwa mdomo tu, kwenye kibanda, nikimwambia mteja hii kali na hii achana nayo. Sikuwahi kupata jibu la namna hiyo. Niliwaza kwamba kipimo cha miguu kina kasoro moja: kinahesabu wangapi wamehama, hakiulizi wametoka wapi. Hata hivyo sikubadilisha hukumu yangu. Naamini bado kwamba nusu ya mwisho ya The Adept inajirudia, na kwamba ukelele usiobadilika hugeuka ukuta, na ukuta hauna habari. Tulibishana mpaka saa tano usiku.

Ubishi huo ulinikumbusha jambo ambalo nilimdai anisikilize naye. Kumbe Tanzania tulikuwa na roki yetu. Sunburst ilikuwa bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya sabini, na albamu yao Ave Africa, ya mwaka 1976, ilitoka Zambia, si hapa. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 2016, kampuni ya Strut ya London ilipoikusanya pamoja na kazi zao nyingine, ndipo mtu kama mimi akaipata. Nilipita njia hiyo hiyo ya Zambia mwaka uliofuata, sikuisikia hata mara moja. Kinanda chake kinachemka, gitaa linauma, na Kiswahili kimekaa juu yake bila kulazimishwa. Si kila wimbo ni mzuri, kuna miwili iliyovaa suruali ya Kimarekani iliyowapwaya. Lakini mpwa wangu, aliposikia maneno anayoyaelewa yakitoka ndani ya mkwaruzo ule, alisogeza spika karibu na sikio lake zima akaiacha hapo. Alidhani hadi siku hiyo kwamba ladha yake ni ugonjwa.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mchana. Makarasha yote ya mtaa wetu yakanyamaza, na ukimya ulikuwa mkubwa mpaka mbwa wakasimama. Mpwa wangu akaazima spika ya pili kwa muuza simu, akaweka moja upande wa viroba vya mawe na nyingine upande wa mwalo, kule akina mama wanakochekecha marudio. "Leo tunafanya kama Bagika na Bagalu," akasema. Yeye akamweka Lord Spikeheart. Mimi nikaweka Waile.

Watoto walikimbilia kwake mara moja, wakawa wanamwiga yule bwana kwa kubweka. Vijana wawili wa kubeba viroba wakawafuata. Akina mama hawakuhama, lakini walikuwa upande wangu tangu mwanzo, na sidhani ni haki kuwahesabu. Mmoja wao aliuliza kama hatuna Nyanda Madirisha. Mzee mmoja anayenunua marudio alisimama katikati na karai lake, akageuza kichwa huku, akageuza kule, kisha akaenda kukaa kivulini, ambapo hapakuwa na spika.

Mpwa wangu alikuwa amesimama karibu na spika yake, uso ameuelekeza kwa watoto, sikio bovu likiwa upande wangu. Wimbo wangu ulifika pale ninapopapenda, mzee anapokosa pumzi na kuendelea. Nikamwita asikilize. Hakusikia. Nikamwita tena kwa jina. Basi nikavuka ule uwanja, nikapita katikati ya watoto, nikazunguka mpaka upande wake wa kulia nipate kumwambia, na nilipofika wimbo ulikuwa umekwisha.

"Umehama," akasema.

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu umeme uliporudi.